Zile picha nzuri za wanawake wa Japani zilikuwa zinauza nini

Shikamooni wakubwa zangu, na vijana mambo vipi. (Haya ni mazungumzo niliyotoa kwa wanafunzi wa uchoraji na wageni wengine waliofika, wengi mmeniomba niyaweke kwa maandishi, kwahiyo nimeyaandika karibu vilevile nilivyoongea, nimepunguza tu pale nilipokuwa narudia.)

Tuanze na hii picha hapo ukutani. Mwanamke kaamka usiku, saa nane hivi. Macho hayajafunguka sawasawa. Mkono mmoja kashika karatasi iliyosokotwa inawaka kwa juu, ndo taa yake hiyo, mkono mwingine ana karatasi laini zilizokunjwa, na mguu unatafuta ndala. Kimono kajifunga ilimradi tu. Anaenda chooni, hakuna kingine. Mchoraji ni Kitagawa Utamaro, mwaka kama 1794, mji ni Edo ambao leo tunauita Tokyo, na picha ni moja kati ya 12 zinazofuata siku nzima ya wanawake wa Yoshiwara, maana Wajapani wa wakati ule usiku na mchana kwa pamoja waliugawa mafungu 12. Yoshiwara ndo ulikuwa mtaa wa madanguro wenye kibali cha serikali.

Nimemtanguliza huyu makusudi, kwa sababu wengi wetu tukisikia picha za Japani za kuchapwa kwa mbao, yani ukiyo-e, kinachotujia kichwani ni yule dada kavaa kimono tano, nywele zimechomekwa vitana kila upande, uso mweupe, anatembea taratibu. Huyo naye yupo na tutafika kwake. Ila nataka mkimwona mkumbuke kwamba usiku saa nane naye alikuwa anatafuta ndala.

Ninachotaka kusema leo ni kitu kimoja. Hizi picha zilikuwa biashara, na mwanamke aliyechorwa mara nyingi alikuwa anauzwa mara mbili, kwanza mwili wake, halafu sura yake kwenye karatasi, na hela ya kuuzwa huku haikumfikia mkononi wala ya kule. Na bado picha ni nzuri mno. Nazipenda kwa moyo wote na nimezitazama miaka mingi, na sitaki kuachia hata moja kati ya hizo kweli mbili, uzuri wake wala deni la yule dada.

Sasa zinatengenezwaje, maana bila kujua hilo hatutaelewana. Mchoraji anachora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Ile karatasi inagandishwa kifudifudi juu ya ubao wa mti wa mcheri, na mchongaji anachonga kupitia hapohapo juu ya mchoro, kwahiyo mchoro wa asili unaharibika kabisa, haubaki. Anaondoa mbao yote isiyohitajika, mistari ndo inabaki imesimama. Halafu kila rangi ina ubao wake, na pembeni mwa kila ubao kuna alama za kuwekea karatasi ili rangi zisipishane. Mchapaji anapaka rangi ya maji kwa brashi, analaza karatasi, anasugua kwa nyuma na kidude cha duara kinaitwa baren. Picha za rangi nyingi namna hii zilianza rasmi 1765 kwa Suzuki Harunobu, kabla ya hapo rangi zilikuwa mbili tatu au wanapaka kwa mkono.

Angalieni nywele za huyu dada hapa, pale zinapoanzia kwenye paji la uso. Kila unywele ni mstari wa mbao iliyosimama, mwembamba kama uzi wa buibui, na kazi hiyo walikuwa hawampi mtu anayejifunza, wanampa fundi mkuu wa karakana peke yake. Na uso je? Mara nyingi uso haujapakwa kitu. Ni karatasi yenyewe. Mchoraji kaweka mstari wa shavu, pua, macho mawili membamba, kidomo kidogo, basi, mwili wote wa yule mwanamke ni rangi ya karatasi ya maganda ya mforsadi. Mimi jambo hili halijawahi kunichosha. Nguo zina rangi saba, nane, maua na mawimbi, mwenye nguo kaachwa mtupu kama karatasi, na unaweza kumwekea chochote unachotaka. Wateja walimwekea.

Na bosi wa yote haya hakuwa mchoraji. Bosi ni mchapishaji, ndo anatoa mtaji, anachagua mada, anamlipa mchoraji, anamlipa mchongaji, anamlipa mchapaji, anauza dukani. Wa Utamaro aliitwa Tsutaya Juzaburo, alizaliwa 1750 ndani ya Yoshiwara hukohuko, akaanza na kaduka ka vitabu karibu na geti, akiuza vijitabu vya mwongozo vyenye majina ya wanawake wa kila danguro na daraja zao. Umeelewa hapo? Mtu aliyelipia zile picha nzuri ndo huyohuyo aliyekuwa anauza orodha ya majina. Kwahiyo mteja wa mjini ananunua picha kwa bei kama ya bakuli la tambi za soba, anaibandika nyumbani, anaota. Wengi wao Yoshiwara yenyewe wasingeweza kuilipia hata usiku mmoja.

Hata matangazo ya kawaida yalikuwemo. Keisai Eisen, mchoraji wa miaka ya 1820 na 1830 hivi, kwenye picha zake utakuta kapakiti kadogo ka poda nyeupe ya uso inaitwa Bien Senjoko, kamewekwa kando ya kioo cha dada anayejipodoa, jina la poda linasomeka vizuri kabisa. Vijana mnaofanya matangazo mtandaoni, mambo hayo yana miaka 200. Na nguo vilevile, kuna mfululizo mkubwa wa Isoda Koryusai ulioanza kama 1776, picha zaidi ya 100, mada ni fasheni mpya za mwaka mpya zilizovaliwa na wanawake wa Yoshiwara, kila mmoja na jina lake na jina la danguro lake.

Sasa tuingie ndani ya geti. Yoshiwara ya kwanza ilianzishwa 1617, moto mkubwa wa 1657 ukateketeza sehemu kubwa ya mji wa Edo, mtaa ukahamishiwa nyuma ya hekalu la Asakusa. Ulizungukwa na mfereji, geti moja, walinzi, ili wanawake wasitoroke. Wengi waliletwa wakiwa watoto, miaka saba, nane, wazazi wamepewa hela mbele na mtoto anakuja kulifanyia kazi deni. Ndo maana kwenye picha za mastaa wa Yoshiwara mnaona watoto wawili wamevaa sare wamemfuata nyuma. Watu wanasema ooh wazuri, kama wanasesere. Jamani, wale ni watoto waliouzwa, wanafundishwa kazi.

Na yule dada mkubwa mwenye kimono tano, zile nguo alizinunua mwenyewe kwa mkopo kwa mwenye danguro, matandiko kwa mkopo, nguo za wale watoto kwa mkopo. Kila picha mpya ya fasheni ina maana deni limepanda. Mkataba kwa kawaida ulikuwa miaka kumi, umri wa kutoka kama 27, na wengi hawakufika, magonjwa yaliwamaliza. Kuna hekalu linaitwa Jokanji, mtaa wa Minowa hapohapo Tokyo, wenyeji walilibandika jina la hekalu la kutupia, kwa sababu wasiokuwa na ndugu walipelekwa kule na kuachwa. Inasemekana waliozikwa ni 25,000. Mnara wa kumbukumbu yao upo mpaka leo na watu wanaacha vipodozi na vitana pale.

Wala wao hawakukaa kimya. 1849 wanawake 16 wa danguro moja liitwalo Umemotoya walipanga pamoja wakachoma moto jengo, halafu wakajisalimisha wenyewe kwa wakuu na kueleza mateso yao, vipigo na chakula kibovu, baadhi yao walikuwa wameandika kila kitu kwenye madaftari. Mwenye danguro akahukumiwa kupelekwa uhamishoni kisiwani. Kwenye picha za kuchapwa huwezi kukuta kitu kama hicho, nani angelipia?

Ila nisiwafanye muamini kwamba wote waliochorwa walikuwa wa Yoshiwara, maana hapo ndo kuna utamu mwingine. Harunobu alimchora sana msichana mmoja anaitwa Osen, muuza chai tu, kibanda chao kilikuwa karibu na hekalu la Kasamori, watu wakaanza kufunga safari kwenda kunywa chai ili wamwone. Alikuwa staa wa mji mzima bila kuimba wala kucheza. Mwaka kama 1793 Utamaro akafanya hivyohivyo na wasichana wawili wa miaka 16, 17 hivi, Okita wa kibanda cha chai cha Naniwaya pale Asakusa, na Ohisa wa Takashimaya kule Ryogoku. Akawaweka pamoja na msanii wa muziki wa Yoshiwara, Toyohina, kwenye picha moja, vichwa vitatu kwa pembetatu, nyuma yao kumepakwa unga wa mika unaong'aa ukiinamisha karatasi. Hii hapa. Kwa haraka unaona sura ile ile mara tatu. Tulieni hapo dakika moja. Pua hazifanani, macho na midomo navyo vina tofauti. Tofauti ni ndogo sana, mstari umesogea kama unene wa ukucha, ila ipo, kamwangalia mtu halisi. Kabla yake wengi waliochora warembo hawakujali. Torii Kiyonaga aliyemtangulia, fundi mkubwa, alichora wanawake warefu wazuri wakitembea kando ya mto Sumida, lakini ukiwabadilishia nguo hujui nani ni nani.

Serikali haikupenda. Ilikuwa kipindi cha mageuzi ya kubana matumizi, kila picha tangu 1790 lazima iwe na muhuri wa mkaguzi, na 1793 wakapiga marufuku kuandika majina ya wanawake kwenye picha, isipokuwa wa Yoshiwara. Fikirini hilo. Mwanamke aliyeuzwa jina lake linaruhusiwa, muuza chai aliye huru hapana. Utamaro akafanya nini? Akaweka jina kwa mafumbo ya picha kwenye kona: mafungu mawili ya mboga, mshale, bahari, shamba la mpunga, ukivisoma kwa Kijapani unapata Naniwaya Okita. Mji mzima ukawa unafumbua. 1796 mafumbo nayo yakapigwa marufuku. 1800 wakakataza hata zile picha za kichwa kikubwa kwa kuwa zinavuta macho mno. Yani uso wa mwanamke ukiwa mkubwa kwenye karatasi ni tatizo la dola. Utamaro mwenyewe 1804 alikamatwa kwa picha za mtawala wa zamani Hideyoshi, akafungwa pingu siku 50, na 1806 akafariki.

Katika kazi zake zote mimi naipenda ya jikoni kuliko hata zile za mika. Ni karatasi mbili zinaungana, wanawake wanne. Mmoja anapuliza moto kwa mwanzi, moshi umemrudia, uso kaukunja wote, jicho limefungwa, na huu ndo uso ambao wateja walizoea kuuona umelainika kama yai. Mwingine anachota maji ya moto, kageuza kichwa mvuke usimuunguze. Mmoja anamenya, mmoja anafuta bakuli. Aliyewahi kupuliza kuni mbichi asubuhi anamjua huyu mwanamke bila kuelezwa. Hajapangwa apendeze, anafanya kazi, na mistari ni ileile ya Utamaro, laini, haijapungua heshima hata kidogo. Ndo hapo naona mchoraji alikuwa na uwezo wa kuona zaidi ya alichokuwa analipwa kukiona.

Marufuku hazikuishia hapo. 1842 serikali ilikataza picha za makahaba, geisha na waigizaji wote, wachapishaji wakakaribia kufa njaa, wakaanza kutoa picha za wanawake wema wa historia, wake wavumilivu, mabinti watiifu, nyingine zinachosha kwa kweli, mahubiri matupu. Ila Utagawa Kuniyoshi, miaka kumi hivi kabla ya marufuku hiyo, alikuwa ameshachora mwanamke wa aina nyingine kabisa. Okane wa Omi. Farasi kachanganyikiwa anakimbia, Okane kakanyaga kamba yake kwa kiatu cha mbao, kasimama wima wala hatoi jasho, farasi kwato juu. Farasi kachorwa na vivuli vya Kizungu, alijifunza kutoka picha za Ulaya, Okane kachorwa kwa mstari safi wa Kijapani. Wanafunzi, hiyo mkaiangalie nyumbani kwa utulivu.

Sasa naomba niwaonyeshe mchoro mmoja ambao si wa kuchapwa, ni wa brashi, kwa sababu bila huu maneno yangu hayakamiliki. Katsushika Oi, binti wa Hokusai, yule mchoraji wa ile picha maarufu ya wimbi kubwa. Aliishi na baba yake, alimsaidia kazi mpaka mzee alipofariki 1849, na inasemekana Hokusai mwenyewe alisema kwa kuchora wanawake binti anamshinda. Kazi zenye jina lake ni chache sana. Mojawapo ni Yoshiwara usiku. Wanawake wamekaa nyuma ya nondo za mbao, ndani taa kali, nje giza na watu wamesimama wanachungulia. Nyuso karibu zote zimefichwa, nondo zimezikata, na mmoja wao kawa kivuli cheusi kabisa. Utamaro na wenzake walitupa uso na kuziondoa nondo. Oi katuletea nondo na uso kauficha. Wanawake walewale, mtaa uleule, na aliyeshika brashi safari hii ni mwanamke. Sahihi yake kaiweka herufi moja moja kwenye taa tatu, lazima uitafute.

Nimalizie safari ya hizi picha kwa haraka. Japani ikafunguka, picha zikafika Paris, mchoraji Van Gogh 1887 akanakili dada aliyechorwa na Eisen kutoka jalada la gazeti, akamzungushia vyura na ndege aina ya korongo, viumbe ambao majina yao kwenye Kifaransa cha mtaani yalimaanisha kahaba, kwahiyo alijua anamchora nani. Mary Cassatt, mchoraji Mmarekani aliyeishi Paris, aliona maonyesho ya picha za Japani ya 1890, mwaka uliofuata akatoa picha kumi za rangi, mama anamwogesha mtoto, mwanamke anaramba bahasha. Yeye kati ya vyote alichukua zile za nyumbani.

Na wakati kuta za Paris zinapambwa, wasichana wa Amakusa na Shimabara, sehemu maskini za kisiwa cha Kyushu huko Japani, walikuwa wanapakiwa melini kuuzwa ng'ambo. Walifika Singapore, Borneo, na wengine walifika hapa kwetu, Unguja, mwishoni mwa karne ya 19, wakaishi na kufanya kazi hiyo Mji Mkongwe. Kwahiyo ukisikia mtu anasema haya ya Japani yanatuhusu nini, wanawake wale walipita kwenye vichochoro mnavyovijua. Wao hakuna Utamaro aliyewachora.

Maswali yalikuwa mengi, naweka mawili.

Dada mmoja aliuliza kama wanawake walifanya kazi ya kuchonga na kuchapa. Kazi ya karakana ilikuwa ya wanaume. Lakini Utamaro kama 1803 alitoa picha ya karatasi tatu inayoonyesha kazi ya karakana, mchoraji, mchongaji ananoa patasi, wa kuandaa karatasi, na wote kawachora wanawake warembo. Haikuwa ukweli, ilikuwa staili ya kuuza, ila cha ajabu ni kwamba leo ndo moja ya picha zinazotuonyesha vizuri vifaa vilivyokuwa vinashikwaje.

Mwalimu mmoja mtu mzima akauliza, kwa nilivyosema yote hayo, awaonyeshe wanafunzi wake au aache. Mwalimu, waonyeshe, tena sana, na uwaambie jina la danguro lililoandikwa pale pembeni linasema nini. Makumbusho ya Boston, British Museum na Makumbusho ya Taifa ya Tokyo wameweka maelfu ya hizi picha mtandaoni, bure, unaweza kuikuza mpaka uone nyuzi za karatasi. Anza na ile ya jikoni, halafu yule wa saa nane usiku, za mastaa wenye kimono tano ziweke mwisho, na kwa kila moja waulize wanafunzi mikono yake inafanya nini kabla hawajasema lolote kuhusu sura.